Kukusanya malipo kwenye kliniki ya meno Nairobi: maswali ninayoulizwa kila wiki

Nilianza mapokezi, nikahamia kwenye hesabu, na siku hizi naitwa na madaktari wa meno ambao viti vyao vimejaa tangu asubuhi lakini mwisho wa mwezi kodi ya nyumba inawatoa jasho. Wa Umoja, wa Ngong Road, wa Eastleigh, wote huuliza karibu yale yale. Nimeyaweka hapa ili nisiyarudie kwenye simu.

Wagonjwa wanaahidi kulipa, wakishatoka hawaonekani tena. Nianze kuwafuata vipi?

Weka simu chini kwanza. Deni la meno huzaliwa mgonjwa akiwa bado kitini, pale daktari anapokuta jino limeoza kuliko alivyodhani, akaendelea kuchimba bila kumwambia kwamba bei nayo imebadilika.

Nitakupa mfano niliouona kwa macho yangu. Baba mmoja wa makamo alipiga simu akaambiwa kuziba jino ni shilingi 4,500. Akaja. Baada ya saa moja na nusu akatoka chumbani, pamba katikati ya meno, nusu ya mdomo imekufa ganzi. Nikamsomea bili: 19,000. Jino lilikuwa limefika kwenye neva, ikabidi mzizi utibiwe. Akajaribu kuuliza kitu, mate yakamtoka, akayafuta kwa kiganja huku watu watano kwenye benchi wakimtazama. Mwishowe akatoa simu, akaandika neno moja, akanigeuzia kioo nisome: "Sikuambiwa." Alilipa zile 4,500 alizokuja nazo. Salio lake lilikaa kwenye vitabu vyetu mpaka nikaondoka kliniki ile, na hadi leo sina moyo wa kumwita mkwepaji.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ya daktari. Akiona kazi imegeuka, asimame. Ainue kiti mgonjwa akae wima, ashushe barakoa, aseme: jino hili limefika hapa, njia ni mbili, hii ni bei yake na hii ni bei yake. Yote haya kabla ya sindano ya ganzi. Mtu aliyelala chali na taa machoni atakubali lolote, na kukubali kwa namna hiyo hakukusaidii siku ya kudai.

Makadirio ya bei yaandikwe au yasemwe tu?

Yaandikwe. Nusu karatasi inatosha: kazi itakayofanyika, bei, kiasi cha kulipwa leo, salio na tarehe yake, sahihi ya mgonjwa. Ongeza mstari mmoja kwamba bei ikibadilika ataulizwa kwanza. Nakala moja aende nayo, na kama anapenda simu kuliko karatasi, aipige picha. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kliniki nyingi nilizoingia zina daftari la kuandika nani amekuja ila halina la kuandika tulikubaliana nini.

Si aibu kumwomba mgonjwa pesa kabla ya kumtibu?

Fundi wa sofa huko Gikomba hagusi mbao bila dipositi na hakuna anayemwona hana utu. Tofauti yetu ni kwamba mtu wetu huenda anaumwa, kwa hiyo tenganisha mambo mawili.

Aliyekuja uso umevimba, ana homa, hawezi kufungua mdomo, au damu haikatiki, huyo hahudumiwi kwa masharti ya pesa. Katiba, kifungu cha 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Mtulize kwanza, bili itazungumzwa akiwa salama.

Kazi iliyopangwa ni habari nyingine: kofia ya jino, meno bandia, kusafisha na kung'arisha, waya za kunyoosha meno. Hapo omba sehemu ya malipo mapema bila kuinamisha macho. Kwa kazi yoyote inayokwenda maabara, mimi husema angalau nusu ilipwe siku ya kuchukua kipimo, maana maabara itakudai wewe hata kama mgonjwa hakurudi.

Nitumie namba ya till au Paybill?

Zote ni namba za biashara za kupokelea M-Pesa, na zote zinafanya kazi. Kwa kliniki napendelea Paybill kwa sababu moja: ina nafasi ya namba ya akaunti. Mgonjwa akiingiza pale namba ya faili au ya invoisi, pesa inajitambulisha yenyewe inapofika. Kwenye till unapata jina na kiasi, na nusu ya wakati jina si la mgonjwa. Mke amelipiwa na shemeji, mtoto amelipiwa na mjomba aliye Kitale, kijana amelipiwa na chama cha mama yake. Jioni karani anakaa na malipo kumi na mawili ambayo hajui ni ya nani, na kesho yake mtu aliyelipa anapigiwa simu adaiwe. Hakuna kitu kinachomkasirisha mtu mwaminifu kama hicho.

Kama tayari una till na hutaki kubadilisha, sawa, ila mpokezi aandike msimbo wa muamala kwenye invoisi mgonjwa akiwa bado mbele yake. Asiseme ataandika baadaye, kwa sababu foleni ya saa nne asubuhi haina baadaye.

Namba ya simu ya daktari mwenyewe, hapana. Najua ilianza hivyo, M-Pesa ilipoingia mwaka 2007 sote tulitumiana kwa namba zetu. Lakini pesa iliyotumwa kwa mtu binafsi mtumaji anaweza kuiombea irudishwe kwa kupeleka ule ujumbe kwa 456, na hapo unaanza mvutano usiouhitaji. Halafu mapato ya kliniki yanachanganyika na karo na nyama ya Jumapili. Siku Mamlaka ya Mapato, yaani KRA, wakiuliza, utaanza kueleza kila mstari.

Na kwa kuwa nimewataja: toa invoisi ya eTIMS, ule mfumo wa KRA wa invoisi za kielektroniki, kwa kila mgonjwa. Huduma za meno hazitozwi VAT, lakini hilo halikuondolei wajibu wa invoisi. Faida yake kwa ukusanyaji ni kwamba mgonjwa anayeona karatasi rasmi huichukulia bili kwa uzito kuliko tarakimu zilizoandikwa nyuma ya kadi ya miadi.

Mgonjwa ameonyesha ujumbe wa M-Pesa lakini pesa haikuingia. Je?

Ujumbe kwenye simu yake si malipo. Malipo ni yale yanayoonekana kwenye simu au kompyuta ya kliniki. Ujumbe wa kughushi siku hizi unaandikwa vizuri hadi salio la mwisho, na mara nyingi unatoka kwa namba ya kawaida ya simu badala ya jina MPESA. Mpokezi asimshutumu mtu. Aseme tu: "Samahani mama, kwetu bado haijaingia, tukae kidogo tuingoje." Mwenye pesa ya kweli atakaa. Yule mwingine atakumbuka ameegesha gari vibaya.

Wagonjwa wangu wengi ni wa bima. Mbona ndiko pesa inakokwama zaidi?

Kwa sababu kwa bima unadai mara mbili: kwanza unathibitisha kwamba una haki ya kulipwa, kisha unangoja. Na sehemu kubwa ya kukwama huko, niseme ukweli, tunaifanya sisi wenyewe.

Kliniki moja iliniita ikilalamika kwamba bima "wanatula". Nikaomba kuona fomu. Zilikuwa kwenye droo ya chini kabisa ya kaunta, chini ya kalenda ya mwaka uliopita, rundo limefungwa mpira. Nikazipitia sakafuni. Hii haina sahihi ya mgonjwa. Hii haina namba ya jino. Hii imeandikwa "kung'oa" na ile picha ya eksirei inaonyesha jino limezibwa. Nyingine zilikuwa sawasawa kabisa, ila hazijawahi kupelekwa, kwa sababu mpokezi wa zamani alikuwa anazikusanya zifike hamsini ndipo aite pikipiki. Aliacha kazi zikiwa arobaini na moja. Mikataba ya bima ina muda wa kuwasilisha madai, na baadhi ya fomu zile zilikuwa zimeshaupita. Bima hawakula kitu pale.

Mambo ya kufanya mgonjwa wa bima akifika: thibitisha kadi inafanya kazi leo, wala usitegemee kwamba mwezi jana ilifanya kazi. Waajiri hubadilisha bima mwaka unapoisha na wafanyakazi huwa wa mwisho kujua. Angalia kiasi kilichobaki upande wa meno, maana meno huwa na kikomo chake kidogo, au yamewekwa ndani ya kikomo cha wagonjwa wa nje. Uliza kuna sehemu ya kujilipia mwenyewe au hakuna, na uichukue hapo hapo. Shilingi 1,000 ya kujilipia ukiiacha leo, gharama ya kuitafuta itaipita. Kazi kubwa iombewe kibali cha awali, na kibali kisomwe chote. Nimeona kibali cha 15,000 kikichukuliwa kuwa ruhusa ya kazi ya 28,000.

Waya na kazi za urembo mara nyingi bima haizigusi. Mwambie mgonjwa mapema kwa maneno mepesi: "Bima yako ikikataa, bili hii inakuwa yako." Atie sahihi chini ya sentensi hiyo.

Peleka madai kila wiki, siku moja isiyobadilika. Malipo yakirudi, linganisha dai kwa dai, usiangalie jumla tu. Ukiona pungufu ya 5%, uliza kwanza kama ni kodi ya zuio, ile anayoikata mlipaji na kuipeleka KRA, kabla ya kupiga kelele, na cheti chake ukitafute kwenye iTax, tovuti ya kodi ya KRA. Dai lililokataliwa lirekebishwe wiki hiyo hiyo. Likishalala miezi mitatu, hata daktari mwenyewe hakumbuki lilikuwa jino gani.

Na wale wanaokuja wakisema wana SHA?

Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, ilichukua nafasi ya NHIF, bima ya afya ya taifa ya zamani, tarehe 1 Oktoba 2024, na wengi wanaokatwa ile 2.75% ya mshahara wanaamini kila kitu kimelipiwa. Mpokezi asiahidi chochote kwa mdomo. Angalia mkataba wa kituo chako unasema nini, angalia mgonjwa amesajiliwa na michango yake iko sawa, kisha umjibu. Kama huduma anayotaka haimo, ajue kabla ya kukaa kitini.

Nataka kuruhusu kulipa mdogo mdogo. Nitapangaje?

Kwa waya hakuna njia nyingine, ni kazi ya mwaka na nusu hadi miaka miwili na zaidi, na wazazi wachache wana pesa yote kwa mkupuo. Malipo ya kwanza yafunike vifaa na kazi ya kufunga. Yaliyobaki yagawanywe kwa ziara, na hapa ndipo watu hukosea: panga salio liishe miezi mitatu au minne kabla ya waya kutolewa. Kijana akishaona meno yake yamenyooka, waya zimetoka, ada ya mwisho haina tena wa kuilipa.

Tarehe ya malipo ifuate mshahara wa mtu, isifuate kalenda yako. Mwalimu na karani wa ofisi, kati ya tarehe 28 na 5. Mwenye duka, mama mboga, mtu wa boda, hao hawana mwisho wa mwezi. Kwao kiasi kidogo kila wiki kinashika kuliko kikubwa kila mwezi. Januari usimpangie mtu yeyote malipo makubwa, karo inangoja mlangoni.

Na asipolipa? Unaweza kusimamisha hatua mpya. Huwezi kumwacha mtoto na waya iliyochomoka ikimchoma shavu kwa sababu mama yake amechelewa miezi miwili. Hiyo unaikata bure, halafu mnaongea.

Mtoto ameletwa na dada wa kazi, mwenye bili hapatikani. Nifanyeje?

Nilikuwa nashangaa kwa nini swali hili halimo katika vitabu vya usimamizi, kisha nikakumbuka vingi vimeandikwa mahali ambapo hakuna dada wa kazi. Binti anafika na mtoto wa miaka saba, ana nauli ya kurudi na kipande cha karatasi chenye namba ya mama. Unapiga. Mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa.

Suala la kwanza hapo hata si pesa, ni idhini ya mzazi. Kama jino linauma sana, daktari amwangalie mtoto na kumtuliza. Kazi nyingine yote ingoje mzazi apatikane. Akipatikana, mweleze kazi na bei, mtumie makadirio kwa WhatsApp, ajibu kwamba amekubali, alipe kwa simu mtoto akiwa bado kwenye benchi. Dakika kumi. Tafadhali usimweleze bili yule binti wala usimtake atie sahihi kwenye fomu. Deni si lake, na kuna waajiri watakaomkata mshahara.

Wazazi waliotengana, sheria yangu ni nyepesi: aliyetia sahihi ndiye anayedaiwa. Wakitaka kugawana, wagawane wao.

Daktari mwenyewe ndiye anayesema "mwache tu aende". Mpokezi afanye nini?

Asante kwa kuuliza, na natumaini daktari anasoma.

Mpokezi amemaliza kusema "bili yako ni 12,000", mgonjwa ameshaingiza mkono mfukoni, mlango wa chumba unafunguka kidogo, mkono wenye glavu unatokeza na kupunga: "Huyo ni wa kanisani kwetu, atatuma!" Mkono wa mgonjwa unatoka mfukoni mtupu. Kuanzia siku hiyo yule mpokezi hana nguvu tena, kwa mgonjwa huyo na kwa kila aliyekuwa kwenye benchi akisikia.

Sisemi daktari asiwe na huruma. Namwomba huruma yake iandikwe. Mwanzo wa mwezi ajiwekee kiasi cha kusamehe, tuseme 20,000, na fomu fupi ya punguzo anayoitia sahihi yeye peke yake. Anayetaka kumsaidia mjane wa jirani amsaidie kabisa, bili isomeke sifuri. Kinachoua kliniki ni ile nusu huruma: hujasamehe, hujadai, na mnakutana kila Jumapili mkikwepana macho.

Zungumzo la pesa liwe la mpokezi, na lifanyike pembeni. Kama kaunta yako iko mita moja kutoka benchi, tafuta hata kipande cha plaiwudi.

Simu ya kudai ipigwe lini, na iseme nini?

Ujumbe siku mbili kabla ya tarehe waliyokubali. Simu siku moja baada ya tarehe kupita. Nyingine baada ya wiki, na hii ipigwe na mtu mwenye mamlaka ya kupanga upya malipo. Baada ya siku thelathini, barua. Wengi wakishafika siku tisini bila neno, uwezekano wa kulipwa umeshuka sana, kwa hiyo nguvu zako zitumie mwanzoni.

Ujumbe wangu huwa hivi: "Habari ya asubuhi mzee wangu. Tunakukumbusha salio la 6,000 tulilokubaliana kwa tarehe 3. Unaweza kulipa kwa Paybill yetu, akaunti ni namba ya faili lako. Ukikwama, tupigie kabla ya siku hiyo tupange." Angalia kwamba hakuna jina la ugonjwa wala la matibabu. Simu za Nairobi husomwa na watu wengi. Na ile "tupigie tupange" si pambo. Mtu aliyekwama hupotea kwa aibu, ukimwachia mlango hurudi.

Usipige usiku, usimpigie mwajiri wake, usitumie namba za jamaa alizoandika kwa ajili ya dharura. Tumezoeshwa ufedhuli huo na mikopo ya simu, lakini mgonjwa ana jino lingine litakalouma, na unataka lije kwako.

Naweza kumzuilia mdaiwa, au kubandika jina lake ukutani?

Hapana kwa yote mawili. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba kina mama waliozuiliwa hospitali ya uzazi ya Pumwani kwa sababu ya bili walivunjiwa haki zao. Kuhusu majina, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaziweka taarifa za afya kwenye kundi nyeti, na faini yake inaweza kukumeza kuliko deni lenyewe. Hadhi ya WhatsApp ni ukuta pia. Kupeleka jina CRB, kule kunakowekwa orodha ya wadaiwa wa mikopo, nako si jambo la kuamka asubuhi na kulifanya, lina taratibu zake chini ya Benki Kuu.

Deni ni kubwa na mtu anakataa kabisa. Nimwite wakili?

Si lazima. Kuna Mahakama ya Madai Madogo. Ya Nairobi iko Milimani, ilianza kazi 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60, na unaweza kujisimamia mwenyewe. Utahitaji makadirio yaliyotiwa sahihi, invoisi, rekodi ya kazi iliyofanyika na jumbe mlizoandikiana. Kama huna hayo, rudi swali la pili. Deni la mkataba lina miaka sita kabla ya kupitwa na wakati.

Kwa 3,000 usiende. Siku nzima ya kiti kilichofungwa ni ghali zaidi. Deni dogo lililopita mwaka mmoja bila jibu mimi hulifuta kwenye hesabu, na kwenye faili naandika kwamba akirudi alipe kabla.

Nina meno bandia kwenye droo ambayo wenyewe hawajayachukua. Nimekwama na pesa ya maabara.

Kila kliniki ina droo hiyo. Vifuko vya plastiki, kila kimoja na kipande cha plasta, jina kwa penseli linaloanza kufutika. Ya mwisho niliyofungua ilikuwa na seti sita, moja ikiwa ya bibi aliyekuwa amelipa 10,000 kati ya 25,000 na kunyamaza miezi kumi.

Tulimpigia. Alikuwa Murang'a kwa mwanawe, akaja, akayajaribu. Ya chini yakacheza mdomoni kama viatu vya kaka mkubwa. Fizi zilizong'olewa meno husinyaa, na katika miezi ya mwanzo husinyaa haraka. Ilibidi kuyarekebisha upya kwa gharama ya kliniki, na salio lake ukiliangalia sasa halikuwa na maana yoyote. Kwa hiyo meno bandia hayangojei mwisho wa mwezi wala ratiba ile ya simu niliyoieleza juu. Piga siku ile ile yaliporudi kutoka maabara, na usianze na salio. Mwulize anakula nini siku hizi, kisha mpe siku ya kuja kuyavaa.